Je, kusomea fizikia kwa Kiingereza kunamfundisha mtoto Kiingereza?

Mleta mada
Habari zenu wakuu. Shule za msingi za serikali Tanzania Bara zinafundisha kwa Kiswahili tangu 1967. Mtoto akivuka kwenda kidato cha kwanza, karibu masomo yote yanageuka Kiingereza. Tume ya Makweta, iliyoundwa na rais kupitia upya mfumo wa elimu, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kuhamia Kiswahili 1985, halikufanyika. Sera ya Elimu ya 2014 ikatamka Kiswahili kitumike ngazi zote, huku ikitaka Kiingereza nacho kiimarishwe. Toleo la 2023 la sera hiyohiyo limebakiza Kiingereza sekondari.

Hoja inayorudi kila mara ni hii: tukikiondoa darasani, watoto wetu watakijifunzia wapi? Naomba tuijadili hiyo peke yake, kama suala la namna mtu anavyojifunza lugha ya pili. Uzalendo na ajira vina nyuzi zake.

Mwalimu wa Hesabu
Mkuu, lugha ni saa. Serikali ya Marekani inapowafundisha wanadiplomasia wake Kiswahili, inatenga takriban saa 900 za darasani, na hao ni watu wazima, madarasa madogo, hawana kazi nyingine. Sasa piga hesabu ya mtoto wetu. Tuseme ana vipindi 6 vya somo la Kiingereza kwa wiki, dakika 40 kila kimoja: saa 4. Kwa wiki 38 za masomo ni saa 152 kwa mwaka, na miaka minne ni 608. Hizo hazitoshi. Fizikia, jiografia, biolojia na historia ndizo zinazojaza pengo. Ukizirudisha kwenye Kiswahili umemwachia mtoto karibu theluthi moja ya safari aitembee peke yake.

Mwalimu wa Lugha
Hesabu yako ya saa naikubali, mwalimu, ila saa za nini? Sikio na jicho havijifunzi kutokana na kelele. Utafiti wa Paul Nation, mtaalamu wa ufundishaji wa msamiati, na wenzake kuhusu usomaji unaonyesha kwamba ili msomaji aelewe andiko bila msaada na aokote maneno mapya njiani, anahitaji kujua kama maneno 98 kati ya kila 100. Chini ya 95 anaanza kubahatisha.

Chukua sentensi ya kawaida ya kidato cha kwanza: "The rate of evaporation increases when the surface area exposed is increased." Maneno 12. Mtoto aliyetoka darasa la saba na msamiati mdogo anazijua "the" mbili, "of", "when" na "is". Yaani 5 kati ya 12. Hapo hasomi lugha wala sayansi, ananakili ubao. Zaidi ya hayo, "evaporation" si neno gumu tu, ni kitenzi kilichogeuzwa jina, na sentensi za sayansi zimejaa ugeuzaji huo. Kisha kuna maneno yanayomdanganya kwa sababu anadhani anayajua: "work", "power", "table", "solution", "volume". Anajua "table" ni meza. Jedwali hajawahi kuambiwa.

Upande wa kuzungumza ndio usiseme. Darasa la wanafunzi 60, kipindi cha dakika 40: hata mwalimu akikaa kimya kabisa na kila mtoto apewe zamu, ni sekunde 40 kwa kila mmoja. Kuitikia "Yes, teacher" kwa pamoja hakuhesabiki.

Mwalimu wa Hesabu
Huo ni udhaifu wa utekelezaji, si wa mbinu. Watoto wa shule binafsi zinazotumia Kiingereza kuanzia awali wanafundishwa kwa mbinu hiyohiyo na wanakijua. Na tukihamisha shule za serikali pekee, mtoto wa mkulima ndiye atakayelipa.

Mwalimu wa Lugha
Hiyo hoja ya mtoto wa mkulima ni nzito na siipuuzi. Lakini wale wa shule binafsi wameanza na vitabu vya picha, nyimbo na hadithi wakiwa na miaka minne, wala hawajaanzia kwenye kanuni za Newton. Jim Cummins, mtafiti wa elimu ya lugha mbili, alitenganisha mambo haya mwaka 1979: lugha ya mazungumzo, ambayo mtoto aliyezungukwa nayo huipata kwa takriban miaka miwili, na lugha ya kitaaluma, inayochukua mitano hadi saba. Wetu hawajazungukwa nayo. Kidato cha kwanza tunawapa wiki chache za kozi ya kuwazoesha Kiingereza, kisha tunawadai ile ya miaka mitano.

Mfuatiliaji wa Sera
Niongeze mifano miwili ya nje. Malaysia ilihamishia hisabati na sayansi kwenye Kiingereza mwaka 2003, na kuanzia 2012 ikaanza kurudi nyuma. Fiji ilifanya jambo jingine mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi vya Kiingereza vyenye picha, 250 kwa kila darasa, katika shule 8 za vijijini. Watoto walisoma au kusomewa dakika 20 hadi 30 kwa siku, na waliendelea mbele kwa kasi kubwa kuliko wenzao waliobaki kwenye mazoezi ya kawaida ya sarufi. Lugha ya kufundishia haikuguswa. Walichoongeza ni vitabu.

Mzazi
Nawashukuru walimu. Sisi wazazi lakini tuna watoto leo, na mtihani wa NECTA ni wa Kiingereza leo. Sera ikibadilika mwakani au isibadilike, jioni ya leo mtoto afanye nini?

Mwalimu wa Lugha
Swali lako ndilo la maana kuliko yote, mzazi. Mambo matatu, na la kwanza lina uzito kushinda mengine.

Asome vitabu vyepesi, vingi. Atafute hadithi zilizorahisishwa za ngazi ya maneno 300 au 400 ya msingi. Kipimo: ahesabu maneno 100 kwenye ukurasa, asiyoyajua yakizidi 5, kitabu hicho akirudishe, bado si chake. Yakiwa 2 au chini, aendelee bila kamusi. Kwa mwendo wa maneno 100 kwa dakika, dakika 20 kwa siku, siku 5, ni maneno 10,000 kwa wiki na 380,000 kwa wiki 38. Hakuna daftari la notsi linalompa kiasi hicho. Kinachoharibu zoezi ni mzazi au mwalimu kumpa kitabu kigumu akidhani ugumu ndio elimu, au kumtaka atafsiri kila sentensi. Akitafsiri, mwendo unashuka, uzi wa hadithi unakatika, anakiacha.

Pili, kadi. Kata karatasi ya manila vipande vya ukubwa wa kiganja. Upande mmoja Kiswahili, wa pili neno la Kiingereza ndani ya sentensi fupi. Maneno mapya 10 kwa siku yanatosha. Arudie baada ya siku 1, 3, 7, 16 na 35. Analolikosa linarudi mwanzo. Aangalie Kiswahili kwanza na alitamke neno kabla hajageuza kadi, maana kuangalia majibu kunamfanya ajione anajua. Asijifunze siku moja maneno yanayofanana maana. "Lend" na "borrow" ni mfano mbaya kabisa kwetu, kwa kuwa "kuazima" kwa Kiswahili ni kote kuwili. Atumie kukopesha na kukopa, na ayatenganishe kwa wiki mbili.

Tatu, sauti. Kiswahili kina irabu tano, kwa hiyo "cat", "cut" na "cart" zote zinatua kwenye "a" moja. Asikilize jozi, mwenzake ataje moja, yeye anyooshe kidole kwenye neno alilosikia. Akifikia 9 kati ya 10 ndipo aanze kutamka. Kutamka kabla ya kusikia tofauti kunakaza kosa. Mkazo pia: sisi tunaweka silabi ya pili kutoka mwisho, Kiingereza kinahamahama, kwa hiyo aandike alama ya mkazo kwenye kila kadi.

Mwalimu wa Hesabu
Nimeyasoma yote. Basi darasani kwangu kesho nifanyeje bila kuvunja sera?

Mwalimu wa Lugha
Panga kubadili lugha, usiachie lijitokee lenyewe. Dakika 10 za kwanza jadilini mvukizo (hiyo "evaporation") kwa Kiswahili, wawili wawili. Kila mtoto anazungumza dakika 5, si sekunde 40. Kisha ubaoni weka istilahi 6, si 20, na tafsiri zake. TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, walikwisha kuchapisha kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, kwa hiyo kusema maneno hayapo si kweli. Kisha wape kiunzi: "When ... increases, the rate of ... increases because ..." Wajaze kwa mdomo, halafu kwa maandishi. Kinachoharibika ni pale mwalimu anapoeleza kila kitu kwa Kiswahili, kisha anaandika notsi za Kiingereza ambazo hakuna aliyezipitia. Hapo wanakariri.

Mwalimu wa Hesabu
Hapo kwenye kiunzi nakubaliana nawe. Kwenye kuhama kabisa bado sijashawishika, hadi nione vitabu vya hadithi vimefika shule za kata kwanza. Ikianza kuondolewa fizikia ya Kiingereza na maboksi ya vitabu yasije, mtoto atakuwa amepoteza hata zile "the" na "when".

Mfuatiliaji wa Sera
Basi mpangilio ndio tunaobishania. Mimi naona vitabu vianzie darasa la tatu, miaka mitano kabla ya kugusa sekondari. Anayeona tofauti aweke hesabu yake hapa.