Blogu ya chuoni, niiweke kwenye maombi ya kazi?

Muulizaji (mwaka wa 3, uandishi wa habari, Dar):
Habari za humu wakuu. Nina blogu ya WordPress tangu mwaka wa kwanza. Ina makala 41: wavuvi wa Feri, mafuriko ya Jangwani, na mashairi ya mapenzi niliyoandika nikiwa na machungu. Kila tangazo la kazi linataka uzoefu. Niweke kiungo kwenye wasifu, au nianze upya?

Jibu 1 (mhariri, Mwanza):
Usianze upya, mdogo wangu. Maombi yakija hapa yanafanana: barua, vyeti, wadhamini watatu. Mwaka jana binti mmoja aliweka kiungo cha makala moja tu, bei ya dagaa pale Mwaloni Kirumba. Alihesabu ndoo, akaandika bei ya alfajiri na ya jioni, picha kapiga mwenyewe. Niliisoma kwenye daladala mpaka nikapitiliza kituo. Tulimwita.
Chagua tano, zikae ukurasa wa mbele. Mashairi yarudishe kwenye rasimu. Na picha zipunguze uzito, wengi wetu tunafungua kwa simu.

Jibu 2:
Nyongeza: kanuni za maudhui mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye blogu wawe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania. Zikabadilishwa 2020 na 2022. Soma za sasa kabla hujaweka habari.

Muulizaji:
Asanteni sana. Dada mhariri, ile ya Feri nilikuwa na bei za changu na jodari daftarini, nikazikata nikidhani zinachosha. Usiku huu nazirudisha.