Insha ya "Jadili" KCSE: maneno 400 nayagawaje?

Mwanagenzi4: Hamjambo wanajukwaa. Najiandaa kwa karatasi ya kwanza ya Kiswahili, ile ya insha, katika KCSE (mtihani wa kidato cha nne Kenya). Swali: "Simu ya mkononi imewaharibu vijana. Jadili." Utangulizi wangu hula nusu ukurasa kabla sijagusa hoja, halafu hitimisho nalikimbiza kwa mistari miwili. Nisaidieni.

Wino_Mweusi: Piga hesabu kwanza. Insha mbili kwa saa 1 na dakika 45, yaani kila moja ina kama dakika 52. Dakika 10 orodhesha hoja, 35 andika, zinazobaki soma upya ukiwinda makosa ya hijai (tahajia). Maneno: utangulizi 50, aya sita za mwili zenye 55 kila moja, hitimisho 40. Umevuka 400 bila kujaza maji.

Nadhani utangulizi wako huanza hivi: "Simu ni chombo cha mawasiliano kilichovumbuliwa..." Nani kakuuliza historia ya simu? Jaribu: "Saa saba usiku kijana angali ameikodolea simu macho, kengele ya asubuhi yamkuta hajalala. Je, mkosaji ni simu au mwenye simu?" Sentensi mbili, na swali tayari liko mezani.

(Hii ni insha ya hoja. Ile ya lazima, namba moja, ikiwa barua au hotuba, ina sura yake.)

BintiSarufi: Naongezea: "jadili" inataka pande zote mbili. Aya nne za upande unaouunga mkono, mbili za upande wa pili. Wengi humwaga madhara sita mfululizo, kisha wanashangaa alama za maudhui zikipungua.

Kila aya hoja moja: itaje, eleza kwa nini, toa mfano. "Simu hupoteza muda" ni dai tupu. "Anayetazama video fupi saa mbili kila usiku hupoteza saa 14 kwa wiki" sasa ni hoja.

Viunganishi navyo! "Fauka ya hayo" huongeza, haigeuzi. Ukivuka kwenda upande wa pili, tumia "hata hivyo" au "kwa upande mwingine". Na si kila aya ianze na "aidha", jamani. Insha inageuka orodha ya dukani.

Mwanagenzi4: Asanteni. Msimamo wangu niutaje mwanzoni au mwishoni?

Wino_Mweusi: Popote, mradi usigeuke njiani. Kwa "jadili" napendelea mwishoni: sentensi moja ipime pande mbili, inayofuata itoe msimamo. Hoja mpya ikikujia hapo, iache. Haina tena mahali pa kufafanuliwa. Methali moja yatosha, tena iwe inahusiana na swali.

BintiSarufi: Na dakika zikikuishia, heri ufupishe aya ya sita kuliko kuiacha insha bila hitimisho.