Timu ya watu tisa haihitaji MC, spika wala kamba: haya mabonanza ya ofisi hapa Mwanza yamezidi

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika nikiwa na hasira, ila nitataja vipimo na sababu ili asije mtu akasema haya ni majungu ya ofisini. Kiangazi kikianza tu, kuanzia Juni hivi, ofisi ndogo za mji huu zinashikwa na homa ya bonanza. Duka la vifaa vya ujenzi lenye watu saba, maabara yenye watu tisa, ofisi ya mikopo yenye watu kumi na wawili, wote wanapakiwa kwenye Coaster Jumapili asubuhi, wanavishwa fulana za kufanana, wanashushwa ufukweni Igombe au Luchelele. MC anafungulia spika mbili kubwa, halafu ni kuvuta kamba, kukimbia na magunia, kukimbiza kuku, nyama choma, bia, kurudi usiku. Jumatatu mtunza stoo na mtu wa mauzo bado hawasalimiani, kwa sababu kinachowagombanisha, yaani nani anasaini mzigo unapotoka, hakuna aliyekigusa. Na pesa imeshaliwa.

Tuanze na kamba, maana ndiyo inayoniudhi kuliko vyote.

Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, alipima watu wakivuta kamba mwishoni mwa karne ya 19, matokeo yakachapishwa mwaka 1913. Alikuta kwamba kadiri unavyoongeza watu, ndivyo nguvu ya kila mmoja inavyopungua. Kwenye kundi la wanane, kila mtu alikuwa anatoa karibu nusu tu ya nguvu anayotoa akivuta peke yake. Waliokuja baadaye kurudia majaribio walieleza sababu mbili: watu hawavuti kwa wakati mmoja, na watu wanategea. Ukijua jasho lako halipimwi, mkono unalegea wenyewe. Sasa wewe una timu ambayo ugonjwa wake ni kutegeana, unaipeleka kwenye mchezo uliopimwa miaka yote hiyo ukaonekana unamficha mtegaji! Na mshindi anapigiwa makofi.

Hapo sijagusa usalama. Mashindano rasmi ya kuvuta kamba yana watu wanane kila upande, kamba isiyopungua urefu wa mita 33.5, yenye mzingo wa sentimita 10 hadi 12.5, yaani inajaza kiganja. Hapa kwetu wanaokota manila ya mtumbwi, nyembamba, ya plastiki. Kamba ya aina hiyo inavutika kwanza, ikikatika inaruka nyuma kwa nguvu yote iliyokuwa imehifadhi. Ikianza kuteleza, mtu anaizungusha mkononi, na hapo ndipo vidole vinapovunjika. Mwaka 1997 kule Taipei kamba ya nailoni ilikatika kwenye mchezo huu na wanaume wawili wakakatika mkono. Kule walikuwa zaidi ya elfu moja, nguvu yake si ya watu tisa, lakini kuchunika viganja na kuteguka bega hakusubiri umati.

Ziwa nalo. Mji huu ulizika watu wa meli ya MV Bukoba iliyozama mwaka 1996. Mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, kimejaza kupita uwezo wake. Bado kuna waandaaji wanapakia wafanyakazi kwenye boti saa 10 jioni, nusu yao wameshakunywa, jaketi okozi zimerundikwa chini ya benchi "ili mtu akitaka avae". Kama ni lazima mpande boti, jaketi inavaliwa na kufungwa mkiwa bado nchi kavu, moja kwa kila kichwa, saizi inayolingana na uzito wa mtu. Zikague kabla ya kulipa: vifungo vinabana, mishono haijaachia, sponji ukiibonyeza inarudi. Iliyobonyea ikabaki hivyo hivyo haiwezi kumfanya mtu aelee. Nendeni asubuhi. Upepo wa ziwa unazidi mchana na mawimbi yanapanda nao, kwa hiyo saa 6 mchana muwe mmesharudi. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa Ziwa Victoria, usomeni jana yake na asubuhi yenyewe. Bia kabla ya boti, hapana. Hapo hakuna mjadala.

Halafu ile michezo ya kujaza ndoo kwa vikombe mkiwa mmesimama majini hadi magotini! Kichocho kipo ziwa hili. Vimelea vyake vinatoka kwa konokono wa kwenye maji tulivu yenye magugu, vinapenya ngozi ndani ya dakika chache, na vinatoka kwa wingi jua likiwa kali, ule muda hasa MC anaoita watu waingie. Msidanganyane kwamba mtameza dawa kesho yake. Dawa yenyewe, praziquantel, inaua minyoo iliyokomaa, michanga haiiwezi vizuri. Mtu aliyeingia majini akapime baada ya wiki sita hadi nane. Mwajiri anayewaingiza wafanyakazi kwenye maji hayo kwa ajili ya mchezo wa vikombe hajawafikiria hata kidogo.

Siku nayo inapangwa hovyo. Jumapili watu wana ibada. Jumamosi Wasabato, na Kanda ya Ziwa ni wengi, wanawekwa njia panda kati ya imani na barua ya HR. Ijumaa mchana Waislamu wana swala. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na kazi ndani ya saa hizo inalipwa mara mbili. Ukiandika "kuhudhuria ni lazima", hiyo si starehe tena, ni kazi. Tena wengine wanawakata watu mshahara kuchangia nyama na fulana bila mtu kusaini popote. Hilo sheria hiyo hiyo inalikataza. Weka Jumatano au Alhamisi, saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana, ndani ya muda wa kazi, kwa pesa ya ofisi. Basi.

Sasa timu ndogo ifanye nini? Wiki mbili kabla, uliza kazi inakwama wapi. Usitumie karatasi ya kuandika kwa mkono, kwa sababu kwenye watu tisa kila mwandiko unajulikana na hakuna atakayesema ukweli. Chapa orodha ya sehemu nane au kumi za kazi, kila mtu aweke alama ya vema kwenye mbili zinazomchosha zaidi, atumbukize kwenye boksi. Zihesabiwe mbele ya wote. Iliyopata alama nyingi ndiyo siku yenu mtaijengea. Orodha iwe na mishahara kuchelewa na lugha ya bosi pia, na kama ndizo zimeongoza, ahirisheni mtoko. Lipeni mishahara. Hakuna mchezo unaotibu hilo.

Kama tatizo ni kupokezana kazi, na kwenye ofisi ndogo mara nyingi ndilo, zoezi linalofanya kazi vizuri mjini hapa ni kupika pamoja. Kupika kwa masharti, si kupika kwa kujifurahisha. Watu tisa, makundi matatu ya watatu watatu, kwa kura. Kura ni muhimu, bila hiyo wanawake wote watajikuta jikoni na wanaume wanapiga picha. Kundi la kwanza ni la moto na ugali, la pili samaki na mboga, la tatu sokoni. Watu wa sokoni wanapewa pesa na dakika 75 za kwenda soko la Mwaloni Kirumba na kurudi, lakini hawajui kinachotakiwa mpaka makundi mawili yawaandikie kwenye karatasi moja tu. Wakishaondoka, simu marufuku. Bosi aingie kundi la moto, na kiongozi wa kundi hilo awe kijana wa mwisho kuajiriwa.

Mahitaji ya kweli ya watu tisa ni sato tisa wa gramu 400 hadi 500 kila mmoja, unga kilo 2 na maji ya kuusongea lita 4 hadi 5, mafuta ya kukaangia lita 2, nyanya kilo moja na nusu, vitunguu nusu kilo, mchicha, ndimu, chumvi, mkaa ndoo ya lita 20 na majiko mawili. Orodha hii abaki nayo mratibu mfukoni, asiionyeshe.

Kisha angalieni kinachotokea. Karatasi itaandikwa "samaki wa kutosha" bila kilo. Hakuna atakayeandika kwamba sato waparuliwe magamba na kutumbuliwa huko huko, kwa hiyo watafika wazima na kisu ni kimoja. Chumvi itasahauliwa, kila kundi likidhani lingine limeiandika. Watu wa moto watawasha mapema, mkaa utakuwa jivu wakati samaki bado wako njiani. Kila kosa hapo lina pacha wake ofisini: oda isiyo na kiasi, kazi isiyo na mwenyewe, mtu kuanza kabla mwenzake hajawa tayari. Mratibu asiwasaidie. Kazi yake ni kuandika pembeni nini kilikwama na saa ngapi. Chumvi iliyosahaulika iombwe kwa jirani, chakula kisiharibike, watu wale washibe.

Mkishakula ndipo kazi yenyewe inaanza, na hapa ndipo waandaaji wengi wanapokata siku na kwenda nyumbani. Maswali matatu: tulikwama wapi leo, ofisini tunakwama wapi kwa namna hiyo hiyo, tubadilishe kitu gani kimoja. Dakika mbili kila mtu kwa kila swali. Watu tisa ni dakika 18 kwa swali, yaani karibu saa nzima yote, ipangeni kwenye ratiba tangu mwanzo. Anaanza wa mwisho kuajiriwa, bosi anafunga. Bosi akitangulia, wengine wote wataitikia alichosema. Likubaliwe jambo moja, liandikwe na jina la anayelisimamia na tarehe ya kulikagua baada ya wiki mbili. Kwa mfano: "Mzigo hautoki stoo bila karatasi yenye kiasi na saini mbili." Mambo saba hayatekelezwi hata moja.

NYONGEZA, nimerudi kujibu wachangiaji:

Aliyeuliza kuhusu mvua na wasio na sehemu ya kupikia: fanyeni ndani lile zoezi la mnara alilobuni Peter Skillman. Makundi ya watu wanne au watatu, kila moja tambi ndefu 20 ambazo hazijapikwa, utepe wa gundi sentimita 90, uzi sentimita 90, dakika 18. Badala ya peremende laini inayotumika kwa wenzetu, wekeni juu kipande cha andazi cha gramu 7 hivi, kizito zaidi tambi hazitakibeba. Mnara mrefu unaosimama wenyewe unashinda. Wengi wanaanguka kwa sababu wanajenga dakika 17 na kuweka andazi mwishoni. Kundi linalolijaribu andazi mapema linagundua udhaifu likiwa bado na tambi za kutosha. Maswali matatu ni yale yale.

Aliyeuliza kuhusu namba witiri: watu saba ni wanne kwa watatu, aliyezidi usimfanye mtazamaji. Timu ya watano isigawanywe kabisa.

Aliyetaja kisiwa cha Saanane: sehemu nzuri na boti ni dakika chache kutoka Capri Point, lakini ile ni hifadhi ya taifa tangu 2013. Hakuna spika wala kukimbizana. Inafaa kutembea wawili wawili kwenye mawe na kuzungumza, viatu viwe vya kushika mwamba, maji lita 2 kila mtu. Mwenye mimba, mwenye goti bovu au presha aulizwe faragha kabla, si mbele ya wenzake ufukweni.

Wanaotaka ngoma badala ya michezo, nendeni Bujora pale Kisesa, makumbusho ya Wasukuma. Ulizeni mapema kama kuna wa kuwafundisha mdundo mmoja wa bugobogobo, ngoma ya majembe. Ukitoka kwenye mdundo unasikika papo hapo, hakuna pa kutegea. Pesa ya fulana tisa na MC ihamishieni huko.

Na kwa yule HR aliyeandika kwamba bila bia hakuna atakayekuja: ukiiweka Jumatano asubuhi ndani ya muda wa kazi, watakuja wote.