Miaka 24 na makasia: nimechelewa?

BintiMishomoroni

Salaam jamani. Nina miaka 24, keshia wa supamaketi upande wa Nyali, Mombasa. Huu ni mwezi wa tano tangu nianze kupiga makasia kwenye ule mkono wa bahari wa Tudor. Nasema makasia, si kafi. Kafi nimekua nalo, marehemu babu alikuwa na mtumbwi. Kafi unaangalia uendako. Kasia unaipa omo, yaani mbele ya mashua, mgongo, unakwenda usikokuona, na kiti nacho kinateleza chini yako. Siku ya kwanza kasia lilinasa majini, mpini ukanipiga mbavuni, nikapinduka. Maji yalikuwa yanakupwa, basi niliibuka na tope la mikoko mpaka nyusini.

Naamka saa kumi usiku kwa sababu kusi likishaanza kuvuma ile mashua nyembamba haikaliki. Saa mbili niko kaunta na malengelenge viganjani. Juzi mteja alikataa kupokea chenji mkononi mwangu, akaniambia niiweke juu ya meza. Mama naye haishi: "Nani atakuoa na mikono ya mchukuzi?" Hayo nimeyazoea. Kilichonichoma ni kocha mmoja aliyepita kututazama. Kaniuliza umri, nikamtajia. Akasema "Ah," akamgeukia msichana wa miaka 15 aliyekuwa nyuma yangu.

Swali langu: yupo mwanamke aliyeanza ukubwani akafika mashindano ya kimataifa? Msinitie moyo bure. Nataka jina na mwaka.

MzeeWaKilete

Mwanangu, jina ni Helen Glover, Mwingereza. Mwaka ni 2008. Alikuwa na miaka 21, hajui kasia. Kwao walitangaza wanatafuta vijana warefu wafundishwe, naye kimo kilimpungukia kidogo. Mwenyewe amesimulia kwamba siku ya kupimwa alisimama kwa ncha za vidole! Agosti 1, 2012, Eton Dorney, yeye na Heather Stanning, ofisa wa jeshi, wakachukua dhahabu ya mashua ya watu wawili, kila mmoja na kasia lake moja. Ndiyo iliyokuwa dhahabu ya kwanza ya Uingereza katika Olimpiki ile ya London, na hakuna mwanamke wa kwao aliyekuwa amewahi kupata dhahabu ya Olimpiki kwa makasia. Rio 2016 wakarudia.

Lakini mimi nampendea ya baadaye. Aliacha, akazaa watoto watatu, wawili wa mwisho mapacha. Mapacha wana mwaka na nusu, mama yao huyo yuko Tokyo na Polly Swann. Wakawa wa nne, wakarudi mikono mitupu. Paris 2024, ana miaka 38, akaingia mashua ya watu wanne: fedha, nyuma ya Waholanzi, na robo ya sekunde haikutimia baina yao. Mwambie kocha wako akahesabu tena.

Shababi_Kibokoni

Mzee, umesema kweli ukaacha nusu. Huyo Glover alitafutwa na mpango wenye pesa, akapewa makocha na mashua. Hakuwa anakimbilia kaunta saa mbili. Dadangu, umri wako wala usikushughulishe, kinachotazamwa ni muda. Tafuta ile mashine ya kupigia makasia, upige mita 2000 upime. Wanawake wa daraja la juu wanashuka chini ya dakika saba. Ukishajua yako, ndipo uulize kama umechelewa.

Na gharama umeziwaza? Mashua ya mtu mmoja ina urefu wa zaidi ya mita saba na uzito wa kilo 14 tu. Ukiigonga kwenye nguzo ya jeti, hiyo si kazi ya fundi wa ngalawa.

Mwalimu_Makupa

Mbona mmekwenda mpaka Uingereza? Asiya Mohammed ni wa hapa hapa Mombasa, mwalimu kama mimi. Treni ilimkata miguu yote miwili akiwa mtoto mdogo. Ndiye Mkenya wa kwanza kufuzu Paralimpiki katika makasia, akashindana Tokyo. Daraja lake halina kiti cha kuteleza: mtu anafungwa mkanda kifuani, mashua inawekewa maboya mawili ubavuni isipinduke, kazi yote inabaki kwa mabega na mikono. Na mita ni zile zile 2000. Wewe, bibiye, unalalamikia kiti kinachoteleza, ilhali nguvu nyingi ya kasia hutoka miguuni. Sukuma kwanza kwa miguu, mikono ije mwisho. Naona hata malengelenge hayo yanatokana na kuung'ang'ania mpini.

BintiMishomoroni

Shababi, nimepima jana. Dakika 8 na sekunde 41, na baada ya hapo nikatapika mahamri yote. Nimeiandika nyuma ya risiti. Nitapima tena baada ya mwezi.

Mwalimu, ni kweli nang'ang'ania. Leo nimelegeza vidole, mashua ikaenda kimya, maji yanasikika chini yake. Mama alisoma ujumbe wako juu ya bega langu, hakusema kitu. Usiku nimekuta kichupa cha mafuta ya nazi kando ya simu. Imebidi nimweleze nisiyapake alfajiri, kasia litaniponyoka.