Mafundi mnaokaza bolti za hedi kwa kukisia, injini zetu mtaziua hadi lini?

Wakuu, nina hasira na sifichi. Toyota Premio yangu ya injini ya 1NZ ilichemsha nikitoka Jinja, gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya hedi, sehemu ya juu ya injini, na bloku iliyo chini yake) ikaungua. Nikaipeleka gereji moja hapa Kampala. Gasketi mpya nilinunua mwenyewe soko la vipuri la Kisekka, uso wa hedi ukachongwa uwe sawa, fundi nikamlipa alichotaka. Sasa rejeta inatoa mapovu tena, na kifuniko cha oili kina utando mweupe ndani, dalili ya maji kuchanganyika na oili.

Nilikuwepo akifunga. Alianza na bolti za pembeni, akazikaza moja kwa moja mpaka mwisho, ndipo akaja katikati. Kisha akachomeka bomba kwenye mpini wa spana na kuning'inia. Nikamuuliza toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, iko wapi. "Ssebo, mkono wangu ndio toki renchi. Kazi hii nimeianza hujanunua gari."

Mkono gani unaopima Nm (nyutonimita) 29? Ndicho kipimo cha kwanza cha kukaza hedi ya injini hii, nguvu ndogo tu, kwa bolti zote 10, kuanzia katikati kwenda nje kwa kupishana ili gasketi ilale sawa. Halafu unageuza kila bolti digrii 90, halafu 90 nyingine. Tia doa la rangi kichwani mwa bolti uone imegeuka kiasi gani, hata rangi ya kucha inatosha! Bolti hizi zimeundwa zivutike kidogo, na mvuto huo ndio unaoibana gasketi injini ikipata moto na kupoa. Ukizivuta kwa bomba, ama zinarefuka kupita kiasi na kuishiwa nguvu, ama zinang'oa meno ya tundu, maana bloku yenyewe ni ya aluminiamu.

Na matundu ya bolti hayakupulizwa. Maji yakibaki chini, bolti inayakandamiza. Fundi anahisi imekaza kumbe hedi haijabanwa, na bloku inaweza kupasuka. Bolti za zamani nazo zilirudishwa na uchafu wake, bila kupimwa kama zimeshavutika wala kupakwa oili kidogo kwenye meno.

Eti nirudi wiki ijayo akaze tena! Bolti za kukazwa kwa digrii ukishamaliza unaziacha. Sasa anasema gasketi ni feki. Feki zipo sokoni, sikatai, lakini atajuaje wakati hata hedi hakuibana inavyotakiwa? Na bado anataka pesa ya ufundi upya.

Silipi mara ya pili. Namtafuta fundi wa Kampala au Mukono mwenye toki renchi, atakayeitumia nikiwa nimesimama pale. Anayemjua ataje mtaa hapa chini. Bolti mpya nanunua mwenyewe.