Mrejesho: Niliingia kampuni changa badala ya kusubiri ajira ya serikali

Ndugu wadau, mwaka jana niliomba ushauri iwapo mhitimu wa shahada ya kemia kama mimi aingie katika kampuni changa ya vichujio vya maji hapa Arusha, au aendelee kusubiri usaili wa Sekretarieti ya Ajira. Niliingia.

Sehemu kubwa ya kazi ni kupunguza floridi, madini yanayodhuru meno na mifupa yakizidi kwenye maji, ambayo katika vyanzo vingi vya maji kandokando ya Mlima Meru huzidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisipitwe. Tunatumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe: ukichomwa kwa joto dogo, maji hutoka na harufu na rangi, joto likizidi, uwezo wake wa kunasa floridi hupungua, kwa hiyo muda wangu mwingi huishia kwenye tanuri na vipimo, jambo ambalo, kusema kweli, maabara ya chuo haikunifundisha kwa kina hiki. Siku nyingine huwa dereva, mwuzaji na mtunza hesabu, na hilo bado silipendi.

Aliyesisitiza nidai mkataba wa maandishi na michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) kabla ya kuanza kazi alinisaidia sana, kwa kuwa mshahara uliwahi kuchelewa fedha za mfadhili zilipokwama, nasi tukawa na karatasi ya kuwaonyesha wakurugenzi. Hisa walizoniahidi kwa mdomo sizihesabu kuwa malipo. Nimebaki, ila maombi yangu ya ajira serikalini sijayaondoa.