Mrejesho: Maana na asili ya majina ya Wachecheni

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kunijibu nilipouliza iwapo majina ya Wachecheni, Waislamu wa Kaukazi ya Kaskazini, yote yametoka katika Kiarabu. Mengi yametoka huko kweli, kwani Ramzan ndiye Ramadhani wetu na Magomed ndiye Muhammad, ilhali Aslan, yaani simba, ni la Kituruki.

Yaliyonigusa zaidi ni yale ya Kichecheni chenyewe. Borz ni mbwamwitu, mnyama ambaye watu hao humheshimu mno, Lecha ni kozi, yule ndege mwindaji, na Zezag ni ua. Vakha humtakia mtoto wa kiume aishi, na msichana huitwa Yakha kwa dua hiyohiyo, kwa kuwa kitenzi hubadilisha sauti yake ya mwanzo kufuatana na ngeli, jambo ambalo sisi Waswahili hatuhitaji kufafanuliwa kwa kirefu. Satsita, lenye maana ya kukoma, walipewa mabinti katika nyumba zilizotamani kuzaliwa mtoto wa kiume, nami naona ni mzigo mzito kwa mtoto asiye na kosa lolote.